Shuka za Alhamisi

Mwiko uliparuza chini ya sufuria, ukanyamaza, ukaparuza tena. Adhana ya alfajiri ilikuwa bado, na sauti ile ilipenya ukutani kana kwamba sufuria yenyewe ilikuwa chini ya kitanda cha Mama Kibibi. Alifumbua macho akatulia gizani, akisikiliza. Mtu aliyepika maisha yake yote hahitaji kuambiwa uji huu ni mwepesi au mzito. Mwiko unasema. Ule ulikuwa mzito.

"Unamsikia?" alinong'ona. "Anakoroga mzito."

Mumewe aligeuka taratibu, mkono wake wa kulia umelala juu ya mto kama mtoto mchanga. "Nani?"

"Nani mwingine? Jirani yako, Mama Mapacha."

"Ana watoto wawili, Mama Kibibi. Wale nini?"

"Sijasema wasile. Nimesema mzito."

Mumewe alikuwa dobi wa mtaa ule. Alikuwa mtu wa maneno machache, na tangu aungue yalipungua zaidi. Wiki nne zilizopita, komeo la pasi yake ya mkaa lililegea, kifuniko kikafunguka, makaa yakammwagikia mkono. Alichofanya kwanza ni kuisogeza kanzu ya mteja isiungue. Ndipo akakumbuka kupiga kelele. Sasa ngozi ilikuwa imeanza kurudi, nyekundu na laini, lakini vidole vilikataa kukunja. Kazi ya kufua aliibeba mkewe, na yeye akapiga pasi kwa mkono wa kushoto, polepole, kama mtu anayejifunza kuandika. Nusu ya wateja walishahamia kwa dobi wa kona ya pili, mwenye pasi ya umeme. Hawakuaga. Walipita tu upande wa pili wa barabara wakiwa na mafurushi yao, wakitazama mbele.

Mama Kibibi aliamka akachemsha maji. Alikung'uta mfuko wa unga mara mbili, mara ya tatu akaupindua nje ndani. Uji uliotoka ungeweza kupita kwenye chujio la chai. Binti yao, Kibibi, mwenye miaka tisa, aliunywa bila neno, akavaa sare ya shule. Marinda ya sketi yake yalinyooka kama yamekatwa kwa kisu. Kola ilikuwa nyeupe, ngumu kwa wanga. Alipotoka mlangoni, hakuna mwenye macho angedhani mtoto yule amekunywa maji ya moto.

Na hapo ndipo ilipokuwa shida ya nyumba ile. Nguo chakavu kwa dobi haionekani chakavu. Kiraka kikitiwa wanga na kupigwa pasi, watu wanakidhani ni urembo. Dobi na mkewe walikuwa na nguo mbili mbili kila mmoja, na zote ziling'aa. Mgeni akija, Mama Kibibi alikuwa na jibu lake tayari: "Tumeshakula, alhamdulillah." Alilisema vizuri hata watu wakaliamini.

~

Ng'ambo ya barabara alikaa Bi Hajjati, mke wa mfanyabiashara wa vitambaa vya jumla. Kila Jumatatu baada ya adhuhuri alikaa barazani kwake na gunia la unga na kopo la kupimia, akatoa sadaka. Hakuwa mtu mbaya, na si haki kumsema hivyo. Unga wake ulikuwa safi, aliuchekecha mwenyewe, na hakuna mtu aliyewahi kupewa pale kitu ambacho yeye hakukila nyumbani kwake. Ila alipenda kusikia. Aliyasoma majina kwa sauti kutoka kwenye daftari dogo, mtu akaitika, akapanda ngazi tatu, akapokea, akamwombea dua. Na dua ikiwa ya kimyakimya, Bi Hajjati alisema, "Sijakusikia, mwanangu," mpaka isikike.

"Mama Mapacha, mjane!"

Mama Mapacha alipanda, akapimiwa makopo manne ya kilo moja moja, akaomba dua yake, akashuka. Mumewe alikuwa amefariki mwaka wa pili huo, akamwachia wavulana wawili wa miaka mitano na chumba kimoja kilichopakana na cha dobi. Alimenya karanga za watu kwa ndoo.

Mama Kibibi alitazama akiwa nyuma ya nguo zilizoanikwa. Kila jina lilimchoma. Hakumwonea wivu Bi Hajjati, kwa sababu hakuna anayeuonea wivu mlima. Aliwaonea wivu wale wanawake wa kwenye ngazi. Wao walikuwa na neno moja alilolikosa yeye, neno la "nipe", na walilitamka mchana kweupe na bado usiku walilala.

Upepo ulifunua shuka. Bi Hajjati akamwona.

"Mama Kibibi! Kanzu za mzee wangu zilitoka kama maziwa! Nyinyi Mungu kawajaalia, mna kazi mikononi."

"Alhamdulillah," alisema Mama Kibibi, na siku hiyo neno lile jema lilimkwama kama mfupa.

~

Alhamisi, Mama Mapacha alikuja na furushi lake kichwani, kama alivyofanya wiki mbili zilizotangulia.

"Hodi jirani."

"Karibu. Ni zilezile?"

"Zilezile. Shuka nne."

"Hivi wewe, mwenzangu," Mama Kibibi alisema akicheka, lakini cheko lilikuwa la meno tu, "mbona hujifulii? Mikono unayo miwili. Sisi humu ndani ndio tuna mitatu kwa watu wawili."

"Mgongo, shoga yangu. Hautaki kuinama."

"Mbona maji unateka?"

"Maji hayakamuliwi." Mama Mapacha naye alicheka. Aliingiza sarafu chini ya pembe ya blanketi la mezani, lile la kupigia pasi, ili asitokee mtu wa kunyoosha kiganja. "Mkono wa Baba Kibibi vipi?"

"Unapona."

"Mungu amsaidie. Basi hazina haraka, hata Jumapili."

Akaenda kukaa kizingitini kwake, akaendelea kumenya karanga. Mama Kibibi alijaza beseni, akapiga magoti, akasugua. Alisugua mara ya kwanza, ya pili. Maji yalibaki yalivyokuwa. Alizitoa shuka akayatazama, na hasira ikampanda mpaka masikioni.

"Baba Kibibi, njoo uone maji haya."

Dobi alikuja.

"Si unaweza kuyanywa? Kaniletea shuka safi! Wiki ya tatu leo. Unajua maana yake? Hana anachotaka kufuliwa. Anataka tu aketi pale mlangoni, anitazame nimepiga magoti. Mtu anakula sadaka, halafu ana dobi! Mimi dobi wangu nani?"

Dobi aliyatazama maji kwa muda mrefu kuliko maji yanavyostahili kutazamwa. "Pengine ni mtu msafi tu," alisema.

"Unamtetea."

"Nasema tu."

"Siku hizi unasema sana juu ya mjane huyu. Mkono wa Baba Kibibi vipi, mkono wa Baba Kibibi vipi. Amekuwa mganga?"

Dobi aliuinua ule mkono uliofungwa kitambaa. "Na huu? Nani ataupigania, Mama Kibibi? Hata nzi wamechoka nao."

Angecheka siku nyingine. Siku ile alizikamua shuka kwa nguvu mpaka zikalia.

Zile sarafu zilimpeleka dukani jioni. Mwenye duka alimpimia unga kutoka mfuko mdogo wa pembeni, si gunia kubwa.

"Huu mzuri zaidi, Mama Kibibi, na bei ileile. Umechekechwa. Ni wa Bi Hajjati."

"Bi Hajjati anauza unga?"

"Hapana! Mama Mapacha huniletea kilo mbili kila Jumatano. Nami nasema, bora nimpe mtu anayejua unga."

Mama Kibibi aliubeba ule unga nyumbani. Njia nzima aliongea peke yake. Kumbe anapewa, anauza, na fedha anazichezea kwa kufuliwa shuka safi! Aliyaweka mambo mawili yale kichwani, la Jumatano na la Alhamisi, akayaona kama majivuno mawili. Uji aliopika jioni ile ulikuwa mzito. Kibibi aliomba nyongeza, akapewa.

~

Jumamosi alipeleka kanzu za mfanyabiashara. Bi Hajjati alizipokea mwenyewe, akazigusa kola, akasifu. Alimkalisha, akamletea maji kwenye gilasi ya wageni, si kikombe cha bati.

"Na mzee? Mkono?"

"Unapona, Bi Hajjati."

"Hamna shida lakini? Niambie tu, mimi mtu mzima."

Lile lilikuwa swali la kweli. Mlango ulikuwa umefunguliwa, na aliyeufungua alikuwa amekaa kwa utulivu, akingoja. Mama Kibibi alitazama gauni lake lililonyooka, akatazama gilasi. "Tuko sawa," alisema. "Hatuna shida."

Aliisukuma gilasi kando bila kunywa. Na kwa kuwa alikuwa amejifungia mwenyewe mlango, akaona uchungu mwenzake yuko ndani.

"Ila sadaka yako, Bi Hajjati," alisema, "wengine wanaifanyia mchezo."

"Nani?"

"Mimi si mtu wa maneno. Lakini mwulize mwenye duka nani humuuzia unga wako kila Jumatano. Halafu niulize mimi nani huniletea shuka nne kila Alhamisi, nimfulie kwa fedha taslimu. Shuka zenyewe safi."

"Mama Mapacha?"

"Sijataja mtu."

Bi Hajjati aliweka kanzu chini. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyeibiwa na mtu aliyemwamini. Mama Kibibi alipotoka alijiona mwepesi, kama aliyetua ndoo. Wepesi ule ulimfikisha katikati ya barabara tu.

~

Jumatatu barazani majina yalisomwa. Ajuza wa uchochoroni. Mke wa kipofu. Mama Mapacha alikuwa amesimama na mfuko wake mkononi, akiwa amejisogeza tayari, kwa kuwa siku zote jina lake lilikuwa la tatu. Likasomwa la nne. La tano. Daftari likafungwa.

"Bi Hajjati, samahani," alisema. "Nadhani umeniruka."

"Sijakuruka."

Watu wakageuka kutazama.

"Mimi," Bi Hajjati alisema, na hakuishusha sauti, "natoa kwa mwenye haja. Mwenye uwezo wa kuuza unga nikampa na kupeleka shuka nne kwa dobi kila Alhamisi, huyo hana haja na mimi. Anayo haja ya kuogopa Mungu."

Mwanamke mmoja alifanya "Mmh!" Mwingine akavuta mtoto wake kando, kana kwamba ulafi unaambukiza.

Mama Kibibi alikuwa nyuma ya nguo zake. Aliona shingo ya Mama Mapacha ikigeuka. Haikumtafuta yeye. Iligeukia mlango wa dobi, pale dobi alipokuwa amesimama na mkono wake mweupe wa kitambaa kifuani, na Kibibi kando yake na begi la shule. Mjane aliwatazama watu wale wawili. Mdomo wake ulifunguka, neno likafika mpaka midomoni, na yeyote aliyekuwa karibu angeliona. Kisha akaufunga. Akakunja mfuko wake mtupu mara mbili, mara tatu, mpaka ukawa kitu kidogo cha kufichwa kiganjani.

"Nimesikia, Bi Hajjati," alisema. Akashuka ngazi.

~

Alhamisi ilifika bila furushi. Mama Kibibi alijiambia kuwa hajali, lakini beseni alilijaza maji asubuhi, na saa tisa lilikuwa lingali hivyo na jani moja likielea. Kibibi aliporudi shule aliuliza kama kuna kitu, akaambiwa baadaye, akakaa chini kusoma bila kuuliza baadaye ni lini.

"Leo hajaleta," Mama Kibibi alisema.

Dobi alikuwa akipuliza makaa ya pasi. "Atakulipa nini?"

"Si ana karanga zake."

"Karanga hazimtoshi hata chumvi." Aliiweka pasi juu ya kigae. "Mama Kibibi, shuka zile ulizifua wewe. Wiki tatu. Uliona doa?"

"Si nilikwambia? Hazikuwa na doa."

"Shuka wanazolalia watoto wawili wa miaka mitano. Hakuna uji, hakuna udongo, hakuna mkojo. Mimi nimefua nguo za watu miaka kumi na minane. Shuka hizo zilikuja hapa zimeshafuliwa. Alizifua, akazikausha, akazifunga furushi, akatuletea tuzifue tena."

Mama Kibibi alimtazama.

"Wiki ya kwanza sikujua," dobi alisema. "Ya pili nilijua. Yeye ukuta ni mmoja na sisi. Alisikia nilipoungua. Anasikia ukikung'uta mfuko. Angeleta bakuli la unga, ungesemaje?"

"Ningesema tumeshakula."

"Basi akaleta shuka."

"Ulijua ukaninyamazia!"

"Ningekwambia ungezirudisha. Na mimi..." Alitafuta pa kutazama, akachagua pasi. "Mimi niliona haya. Nikasema, madhali mwenyewe ameiita kazi, na mimi niiite kazi."

"Fedha alikuwa anazitoa wapi?" Mama Kibibi aliuliza, na kabla neno la mwisho halijatoka alikuwa na jibu. Jumatano. Kilo mbili kati ya nne, kutoka midomoni mwa watoto wake. Na unga ule uliochekechwa, alioununua yeye kwa sarafu za shuka, ulikuwa ni uleule. Umetoka barazani kwa Bi Hajjati, ukapita kwa mjane, ukapita dukani, ukaingia sufuriani kwake, na njia yote hiyo ndefu ilitembewa kwa ajili ya kuilinda heshima yake.

Alikaa chini, pale pale palipolowana.

"Ni mimi," alisema. "Ni mimi niliyemsema kwa Bi Hajjati."

Dobi hakupaza sauti. Ingekuwa afadhali angepaza. Alivuta kigoda akakaa mbele yake.

"Kwa nini?"

"Nilimwonea wivu. Uji wake. Jina lake kuitwa. Hata shuka zake, Baba Kibibi. Nilizionea wivu shuka alizozifua kwa ajili yangu."

Makaa yalipasuka ndani ya pasi. Dobi alisema, "Basi itabidi urudi kwa Bi Hajjati."

"Nikamwambie nini?"

"Kwamba nyumba hii haina unga."

"Nitakufa kwa aibu."

"Yule alisimama barazani Jumatatu," dobi alisema. "Hakufa."

~

Ijumaa, watu walipokuwa wameelekea msikitini, Mama Kibibi alivuka barabara mikono mitupu. Alikataa kiti. Alisema yote akiwa amesimama, haraka, kama mtu anayetoa mwiba, na alipomaliza alitazama sakafu.

Bi Hajjati aliwaka. "Kwa hiyo ni kweli anauza unga wangu."

"Nusu."

"Nilimpa alishe wanawe. Sikumpa agawe. Kama ni kugawa, mimi nipo! Kitu nimekitoa mimi."

"Ukishakitoa, Bi Hajjati," Mama Kibibi aliuliza kwa sauti ndogo, si kwa ubishi, aliuliza kwa sababu kweli alitaka kujua, "kinakuwa bado chako?"

Bi Hajjati alifungua mdomo. Alikuwa amesoma Kurani chuoni miaka mingi utotoni. Aliyajua ya mkono wa kushoto kutojua kinachotolewa na wa kulia, na aliyajua ya sadaka inayobatilika kwa masimango na kuudhi, kwa kuwa aliyahifadhi mbele ya mwalimu mwenye fimbo. Akakaa.

"Mimi kila Jumatatu namaliza gunia," alisema mwishowe, "na nyumba kumi zinasikia. Yule ametoa kilo mbili, na hata aliyepewa hakujua amepewa." Alifuta uso kwa ncha ya mtandio. "Nimemwonea wivu, mwanangu. Mtu mzima kama mimi."

"Na wewe?"

"Wangu unaruhusiwa. Tulifundishwa hivyo: mwonee wivu anayetoa vizuri, utamani kuwa kama yeye, usitamani anyang'anywe."

"Wangu haukuwa huo."

"Najua haukuwa huo," alisema Bi Hajjati, na hakuongeza. Ulikuwa wema, kutoongeza. Kisha akasimama. "Jumatatu nitasema mbele ya watu wote. Nitawaambia alichokifanya."

"Usifanye hivyo! Ataaibika mara ya pili. Na sisi tutaaibika pamoja naye."

"Nilimvunjia heshima hadharani. Niirudishe uani?"

"Mwambie mbele ya watu kwamba ulikosea, basi. Sababu usitaje."

"Niseme nimekosea, nisiseme kwa nini?" Bi Hajjati alilionja jambo lile, na uso wake ulionyesha kuwa lilikuwa chungu. "Watanidhania nimezeeka."

"Samahani, Bi Hajjati. Mimi naomba tu."

Bi Hajjati aliinamisha kichwa, kama anayekubali. Sauti ya mawaidha ilikuja kwa mbali kutoka msikitini, maneno hayakusikika.

"Na nyinyi," Bi Hajjati aliuliza, "unga mnao?"

Mama Kibibi aliulaza ulimi wake, akauinua. Lile jibu la zamani lilikuwa tayari limevaa viatu. "Hatuna," alisema. "Tangu juzi hatuna."

Bi Hajjati hakusema pole, wala hakumwita msichana wa kazi. Aliingia mwenyewe stoo, akasikika akipima. Alirudi na furushi kubwa lililofungwa kwa shuka ya kitandani, fundo juu.

"Ukivuka nalo, watasema umechukua nguo za kufua." Alimtwika. "Na shuka yenyewe ni chafu kweli. Hiyo usije ukaniambia maji yamebaki safi."

Mama Kibibi alicheka, na cheko likamgeukia likawa kilio katikati ya ngazi, na kwa kuwa alikuwa na mzigo kichwani hakuweza kujifuta.

~

Hakwenda kwake. Alipita mlango wa dobi, akasimama mlango wa pili.

Mama Mapacha alikuwa amekaa kwenye mkeka, ndoo ya karanga mbele yake. Wavulana wake walikuwa wamelala mchana, jambo ambalo watoto wenye miaka mitano hawalifanyi wakiwa wameshiba.

"Hodi."

"Pita."

"Ni mimi niliyesema kwa Bi Hajjati."

"Najua." Karanga ilipasuka kati ya vidole vyake. "Nani mwingine anajua shuka zangu ni nne?"

"Ulijua tangu Jumatatu? Na ukanyamaza?"

"Ningesema nini? Kwamba sipeleki shuka kwa dobi, napeleka kwa watu wasio na unga? Mumeo alikuwa amesimama pale mlangoni. Kibibi alikuwa amesimama pale, na wenzake wa shule wanapita. Hayo maneno yangemfuata mtoto mpaka darasani."

Mama Kibibi aliteremsha furushi. Alipiga magoti, safari hii bila beseni. "Nimekuja kukuomba radhi."

Mama Mapacha hakumtazama. Alimenya moja, akamenya nyingine.

"Wanangu hawajashiba tangu Jumanne," alisema. "Si njaa ya kufa. Ni njaa ya kuuliza maswali. Huyu wa pembeni aliniuliza jana, mama, tumemkosea nani? Nikakosa cha kumwambia, kwa sababu kila nikihesabu, sikuona." Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, kama anayeeleza bei ya karanga. "Unajua, kutoa bila kushukuriwa nimejifunza. Mama yangu alinifundisha, na si kugumu. Unatoa, unageuka, unakwenda zako. Lakini kutoa, halafu mtu uliyempa akakutemea mate, hiyo bado sijafundishwa. Ndiyo najifunza wiki hii."

"Nilikuwa na wivu."

"Na mimi?" Sasa alimtazama. "Unadhani mimi sina? Wewe una mume anayekutania ukutani kila alfajiri. Nawasikia. Nakoroga uji kwa nguvu ili nisisikie."

Mama Kibibi hakuwahi kufikiri kwamba ukuta unapitisha sauti pande zote mbili. Alibaki na mikono mapajani.

"Huu ni unga," alisema baadaye. "Kutoka kwa Bi Hajjati, kwetu. Tugawane."

Alijiandaa kubembeleza. Hapakuwa na haja.

"Weka pale," Mama Mapacha alisema. "Nina watoto."

Mama Kibibi alifungua fundo, akapima kwa bakuli, nusu huku na nusu huku, na la mwisho lililobaki alilimimina upande wa mjane. Mama Mapacha aliliona akaacha lipite. Kisha mgeni alisogeza ndoo kidogo, akachukua karanga, akaanza kumenya. Walimenya pamoja bila neno mpaka watu wakaanza kurudi kutoka msikitini na vivuli vyao vikapita mlangoni. Vidole vya mke wa dobi vilikuwa vimelainika kwa sabuni, maganda yalimkata. Mama Mapacha aliona damu kidogo, akamsogezea kitambaa.

"Niende," Mama Kibibi alisema. "Kibibi anarudi." Alisimama, akalibeba furushi lake. "Umenisamehe?"

Mjane alifikiri kweli. Aliwatazama wanawe waliolala, akautazama unga, akalitazama gauni la jirani yake, lililokuwa na vumbi magotini.

"Leo siwezi. Nikisema nimekusamehe nitakuwa nasema kwa mdomo, na Mungu anasikia pale mdomo usipofika." Alichota karanga nyingine, lakini hakuimenya. "Kesho njoo."

"Kesho?"

"Njoo tukae. Na nikishindwa kesho, njoo keshokutwa. Usichoke tu kuja, Mama Kibibi."